Wakala wa Ajira na Utunzaji wa Wazee Nchini Uingereza: Ni Nani Hujaza Pengo la Zamu?

Saa kumi na moja alfajiri simu ya msimamizi wa nyumba ya wazee inalia: mtunzaji aliyepangiwa zamu ya asubuhi ameamka mgonjwa. Wazee wanasubiri kuinuliwa vitandani, kuogeshwa, kupewa dawa na kulishwa. Msimamizi akikosa mtu miongoni mwa watumishi wake, humpigia wakala wa ajira, na kabla jua halijapanda hufika mtu mwingine aliyevaa sare. Nchini Uingereza jambo hili ni la kila siku, na linazihusu familia zetu kuliko tunavyodhani, kwa sababu baadhi ya wanaovaa sare hizo ni vijana waliotoka Kenya na mataifa mengine ya Afrika.

Upungufu wa watumishi huko si wa kusimuliwa tu. Taasisi ya Skills for Care, inayofuatilia takwimu za kazi hiyo, ilikadiria kwamba katika mwaka 2021/22 nafasi zipatazo 165,000 zilikuwa wazi. Uhuru wa wafanyakazi wa Ulaya kuingia na kufanya kazi ulikuwa umekoma mwanzoni mwa 2021. Mishahara nayo ilikaribia kima cha chini cha sheria, hata mtu aliyechoka kubeba wagonjwa usiku aliweza kulipwa sawa, au zaidi, kwa kupanga bidhaa katika duka kubwa.

Wakala huingia hapo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutoa watumishi wa muda: wakala huwalipa, na nyumba ya wazee humlipa wakala kwa saa. Malipo hayo hubeba ujira, michango ya kisheria, fedha za likizo na faida ya wakala, hivyo saa moja ya mtumishi wa wakala kwa kawaida huigharimu nyumba kuliko saa ya mtumishi wake wa kudumu. Njia ya pili ni kutafuta watumishi wa kudumu kwa niaba ya mwajiri, mara nyingine kutoka ng'ambo.

Wakala mwema hufanya zaidi ya kupeleka mtu. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka, kabla ya kumpeleka mtu kuwahudumia walio dhaifu, apate nakala za vyeti vyake pamoja na barua za wadhamini wawili wasio ndugu zake. Rekodi ya makosa ya jinai pia huchunguzwa. Kanuni za mwaka 2010 zinaongeza kwamba mtumishi wa muda akitimiza majuma 12 katika kazi ileile, anastahili ujira na masharti ya msingi sawa na ambayo angepata kama angeajiriwa moja kwa moja. Hapo sheria inakutana na mafundisho ya Kanisa: katika waraka *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alisisitiza kwamba mhamiaji asipunguziwe haki za kazi kwa sababu ya ugeni wake.

Hata hivyo, pengo la ratiba laweza kujazwa na pengo la mzee likabaki. Fikiria bibi aliyepotewa na kumbukumbu, anayevuliwa nguo kila asubuhi na mikono asiyoijua. Mtumishi mgeni hana habari kwamba bibi huyu huogopa maji ya moto, au kwamba chai yake haitiwi sukari, au kwamba akinyamaza ghafla ana maumivu. Mambo hayo hayaandikwi yote katika faili. Kwa sababu hiyo wasimamizi wenye hekima humwomba wakala awapelekee watu walewale, na anayependwa na wazee humwajiri moja kwa moja. Kwa maoni yangu, wakala anayestahili sifa ni yule ambaye mwaka unaofuata anaitwa mara chache zaidi, ingawa biashara yake haimtumi kutamani hivyo.

Kuna na hatari ya afya. Utafiti uliofahamika kwa jina la Vivaldi, uliofanywa mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, ulionesha kwamba nyumba zilizotumia watumishi wa wakala karibu kila siku zilielekea kuwa na maambukizi mengi zaidi. Nyumba zilizowalipa watumishi wao wanapougua zilielekea kuwa na machache.

Mwezi Februari 2022 serikali ya Uingereza ilifungua kibali cha kazi kwa watunzaji kutoka ng'ambo, na madalali wakajitokeza kama uyoga baada ya mvua. Watu waliuza mashamba, wakalipa fedha nyingi, kisha wakafika na kukuta saa chache za kazi au hakuna kabisa. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zaidi ya leseni 470 za waajiri wa sekta hiyo zilifutwa. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake amefutiwa leseni kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye leseni, la sivyo aondoke. Hapo wakala mwaminifu aliyeko Uingereza anaweza kumwokoa mtu, kwa kumkutanisha na nyumba inayohitaji watumishi na yenye haki ya kuwadhamini.

Mlango huo wa ng'ambo ulifungwa kwa waombaji wapya tarehe 22 Julai 2025. Anayemwahidi kijana wa parokia yako kibali kipya cha mtunzaji wa wazee kwa njia hiyo anauza kitu kisichokuwapo. Tena, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una kanuni kama hiyo. Nchini Kenya, wakala anayepeleka watu ng'ambo anapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake laweza kuhakikiwa huko kabla ya kulipa hata shilingi moja. Aliyekwisha kulipa asitupe risiti wala kufuta ujumbe wa simu, kwa maana huo ndio ushahidi atakaoulizwa.