Ukuta Nao Hupumua

Huko Kilelengwani, ambako nyumba ziliteketezwa katika mapigano ya Septemba 2012, ukuta wa matofali ya kuchoma si fahari tupu. Ni tamko la mwenyewe kwamba hatahama tena. Ndiyo maana swali la kuusiliba nje si dogo.

Siku hizi jibu huwa moja: piga lipu ya saruji. Mimi nasita. Saruji ni ngumu kuliko tofali la udongo wa mto, tena haipitishi unyevu kwa urahisi. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika 1997, 2018 na 2024, maji hupanda ukutani kutoka chini. Yakikosa pa kutokea, huibandua lipu na kulila tofali kimyakimya. Chokaa na mchanga huuacha ukuta ukauke. Bila shaka, chokaa haizuii mafuriko; msingi na uinuliwe kwanza.

Wazee walilijua hili. Karibu na Kipini, magofu ya Ungwana yangali na kuta za mawe ya matumbawe zilizoakwa kwa chokaa. Lugha nayo ni shahidi: kuna kukandika udongo, kutomea vijiwe, kuaka mawe. Kila kitenzi kina kazi yake na fundi wake. Tukibaki na "kupiga lipu" pekee, tutakuwa tumepoteza maneno pamoja na maarifa.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi kwa mafundi wazee wakayaandike maneno hayo, kabla ya kuta na wenye kuzijua hawajatutoka.