Jinsi ukoo wa Huber ulivyogeuka Hoover Marekani

HERBERT Hoover, aliyekuwa Rais wa Marekani kati ya 1929 na 1933, alikuwa na jina ambalo mababu zake Wajerumani wasingelitambua. Anayeusaka ukoo huo ng'ambo ya bahari sharti atafute jina Huber.

Andreas Huber aliwasili Pennsylvania mnamo 1738 akitoka Pfalz, kusini magharibi mwa Ujerumani ya leo.

Zamani, 'Hube' ilikuwa sehemu ya ardhi inayotosha kulisha jamaa moja, na mkulima wake akaitwa Huber. Wakulima wa aina hiyo walikuwa wengi, hivyo wenye jina hilo si lazima wawe wa nasaba moja. Hapa ndipo wengi hupotoka.

Mbona basi Hoover? Kijerumani, sawa na Kiswahili, huandika sauti 'u' kwa herufi hiyo hiyo, ilhali Mwingereza huiandika 'oo'. Isitoshe, katika lahaja za Pfalz, 'b' iliyo katikati ya irabu hulegea ikakaribia 'v'. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Ndiposa mtafiti hana budi kupekua Huber, Hueber, Hoober na Hoover kabla ya kukata tamaa.

Kuanzia 1727, Pennsylvania iliwaapisha wahamiaji Wajerumani waliotua Philadelphia. Nahodha alikuwa na orodha yake. Waliojua kuandika walitia sahihi wenyewe kwa hati ya Kijerumani, nao wasiojua waliandikiwa na karani. Hivyo mtu mmoja angeweza kuwa na majina mawili siku moja! Palipo na sahihi, hiyo ndiyo ya kuaminiwa.

Wapo wanaodai majina yalibadilishwa na maafisa wa kisiwa cha Ellis, New York. Dai hilo halina mashiko. Kituo hicho kilifunguliwa 1892, zaidi ya miaka 150 baada ya Huber kutua, na makarani wake walitumia orodha zilizotayarishwa na kampuni za meli.

Kuna pia waliobadilisha kwa hiari, au tuseme kwa hofu. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mnamo 1917, baadhi ya akina Schmidt waligeuka Smith na akina Müller wakawa Miller. Wazao wao hawawezi kutegemea matamshi pekee, kwani akina Smith wa asili ya Kiingereza wamejaa tele. Wanalazimika kurudi nyuma hati baada ya hati: wosia, hatimiliki za mashamba, daftari za ubatizo na mawe ya makaburi, hadi jina la kale litokee.