Baada ya Hospitali, Siku Tatu za Ahmedabad: Usimkimbize Mzee Wako

Hapa Mombasa ni nadra kupata mtaa usiokuwa na mtu aliyewahi kwenda India kwa matibabu. Lakini muulize huyo mtu India ikoje. Atakueleza habari za daktari, bei ya vipimo na chakula kisichokuwa na ladha. Mji wenyewe hakuuona. Alitoka uwanja wa ndege akaingia hospitali, akatoka hospitali akarudi uwanja wa ndege.

Mimi nilikuwa na nia ya kutofanya hivyo. Nilimpeleka mamangu Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kwa ajili ya magoti. Daktari alipotuachia tulikuwa na siku tatu kabla ya ndege ya kurudi. Usiku ule nikaandika ratiba ya mahali tisa kwa siku moja. Kufika saa saba mchana tulikuwa tumemaliza manne, na mamangu akakaa kwenye kizingiti cha duka la vitambaa, akavua viatu, akaniambia: "Mwanangu, mimi umenileta kutibiwa au kunifanyisha mashindano?"

Nilifedheheka. Tukarudi hotelini na ile karatasi nikaichana. Siku mbili zilizobaki tulizipanga upya, na hizo ndizo mamangu anazozisimulia mpaka leo. Nimeona niwaeleze wenzangu jinsi ya kuzipanga, kwa sababu najua wengi wetu tutapita njia ile ile, na aghalabu tukiwa na mzee mkononi.

Kwa nini Ahmedabad

Mji huu ulianzishwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, kando ya mto Sabarmati. Mwaka 2017 UNESCO iliuweka katika orodha ya turathi za dunia, na ndio mji wa kwanza wa India kupewa heshima hiyo. Ukiingia mji wa kale hutajihisi mgeni sana. Vichochoro vyembamba, milango ya mbao iliyochongwa na roshani zinazoning'inia juu ya njia vitakukumbusha Mji wa Kale wetu. Mafundi na wafanyabiashara wa Gujarat walivuka bahari hii hii kwa karne nyingi, na kazi za mikono yao zimeingia katika nyumba zetu. Huko mtaa wa kale huitwa pol. Una lango lake, na baadhi ya mitaa ina mnara mdogo wa kulishia ndege.

Kabla ya kuondoka

Chagua wakati. Novemba hadi Februari hali ya hewa ni nzuri. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na si joto la pwani lenye upepo wa bahari. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba ni mvua. Ukienda kati ya Januari, fahamu kwamba tarehe 14 ni sikukuu ya tiara na mji hujaa watu.

Viza huombwa kwa intaneti, lakini hakikisha umeingia kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana wapo matapeli. Anayekwenda kutibiwa na anayemsindikiza wana viza zao, mbali na ile ya kutembea. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau, na chanjo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari. Kwa pesa, Wahindi wenyewe hulipa kwa simu hata kwa muuza chai, lakini mgeni bora awe na rupia taslimu, tena noti ndogondogo.

Kanuni yangu: mambo mawili kwa siku

Moja asubuhi, moja baada ya alasiri. Katikati ni kula, kuswali na kulala. Hapo ndipo safari inapopata raha.

Siku ya kwanza, asubuhi nenda Jama Masjid, iliyokamilika mwaka 1424. Ina nguzo 260 na kuba 15. Minara yake ilianguka kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1819, lakini ua wake ni mpana na umetulia, mzee aweza kukaa kivulini saa nzima. Makaburi ya Sultan Ahmad Shah na ya wake wa masultani yako jirani, hakuna haja ya tuktuk. Jioni rudi papo hapo upande wa Manek Chowk. Mchana ni soko la masonara, usiku masonara wakifunga hugeuka kuwa uwanja wa vyakula.

Siku ya pili, asubuhi nenda kwenye makao ya Gandhi kando ya mto. Aliishi hapo tangu 1917 hadi 1930, na hapo ndipo alipotoka tarehe 12 Machi 1930 kwa matembezi ya chumvi yaliyoutikisa utawala wa Mwingereza. Pana miti, pana kimya. Baada ya alasiri ndipo uende Msikiti wa Sidi Saiyyed.

Hapa nitakawia kidogo. Msikiti huu ni mdogo, na ulijengwa kufikia mwaka 1573. Madirisha yake ni ya mawe yaliyotobolewa kwa ufundi, na moja lina umbo la mti ambao matawi yake yamesukana kama ukili. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa mtu wa asili ya Uhabeshi. Waafrika walifika Gujarat wakiwa watumwa, askari, mabaharia na wafanyabiashara, na wengine wakawa watu wakubwa wa dola. Vizazi vya Waafrika wapo Gujarat mpaka leo, huitwa Masidi, na ngoma yao huiita goma. Nilipomweleza mamangu hayo, alilitazama lile dirisha kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hivyo alotengeneza hii atoka upande wetu?" Nikamwambia ni Mhabeshi. Akasema, "Basi ni jirani." Tulikaa pale mpaka magharibi. Mahali tisa nilipopanga hapakunipa kitu kama kile.

Siku ya tatu, nenda Sarkhej Roza, nje kidogo ya mji, penye kaburi la Sheikh Ahmad Khattu, misikiti na majumba ya kale kando ya ziwa. Mwenye miguu mizima aweza badala yake kwenda kisima cha Adalaj cha mwaka 1499, kinachoshuka chini ghorofa tano. Kwa magoti ya mamangu tulikiacha, wala hatukujuta.

Chakula na ibada

Wagujarati wengi hawali nyama, na hoteli nyingi ni za mboga na dengu tu. Anayetaka nyama ya halali aulizie Bhatiyar Gali, karibu na lango la Teen Darwaza. Pombe kwa jumla imepigwa marufuku jimboni, jambo linalompa raha mtu anayesafiri na familia.

Kibla ni magharibi, si kaskazini kama kwetu. Waislamu wengi wa huko ni Hanafi, kwa hivyo adhana ya alasiri huchelewa kuliko tulivyozoea sisi Mashafii. Kina mama waulize kwanza kabla ya kuingia msikitini, kwani si kila msikiti una sehemu yao.

Nawaomba tu jambo moja. Mkikata tiketi ya kumpeleka mzazi hospitali India, ongezeni siku tatu ikiwa uwezo upo na daktari ameridhia. Magoti ya mamangu yamepona kiasi, si sana. Lakini ule mti wa mawe ameshawahadithia wajukuu wote, na kila akiuhadithia huongeza tawi.