Kifaru peke yake hakishindi vita

Je, msomaji, ni kitu gani kinachoweza kuzuia kifaru cha vita? Huenda ukataja mzinga. Lakini mnamo Oktoba 29, 1936, katika kijiji cha Seseña, kusini mwa Madrid, vifaru vilishambuliwa kwa chupa za petroli.

Uhispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali ya Jamhuri ilikuwa imepokea kutoka Muungano wa Kisovieti vifaru vya T-26, kila kimoja kikiwa na watu watatu na mzinga wa milimita 45. Vile vidogo vya Kiitaliano vya upande wa Jenerali Franco kwa kawaida vilibeba bunduki za rashasha.

Siku hiyo vifaru 15, vikiongozwa na Kapteni Paul Arman, viliingia Seseña. Kumbe askari wa miguu walikuwa wameachwa nyuma! Fikiria uko ndani ya chuma hicho, unachungulia kwa kitundu. Utamwonaje adui aliyejibanza kichochoroni na chupa yake? Vifaru vitatu viliangamia na kijiji hakikutekwa.

Oktoba 13, 1937, huko Fuentes de Ebro, makamanda waliwapandisha askari juu ya vifaru. Wengi walianguka au kupigwa risasi njiani. Vifaru vikabaki tena peke yavyo.

Franco alishinda mwaka wa 1939. Kifaru humkinga askari dhidi ya risasi, naye askari hukilindia kifaru ubavu. Kidole kimoja, wahenga walisema, hakivunji chawa.