Eksirei Hutoka Wapi, na Je, Hubaki Mwilini?

Leo tunazungumzia eksirei.

Mtoto amekohoa zaidi ya wiki mbili, haongezi uzani, na nyumbani kuna mtu anayeugua kifua kikuu. Daktari anataka apigwe picha ya kifua, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kwa urahisi kutoa makohozi ya kupimwa. Lakini mama anaogopa, anarudi naye nyumbani. Amesikia kwamba miale hubaki mwilini. Je, ni kweli?

Ndani ya mtambo mna chupa iliyoondolewa hewa. Upande mmoja una waya mwembamba, kama ule wa balbu. Waya ukipata moto, hutoa chembe ndogo sana za umeme ziitwazo elektroni. Umeme wa nyumbani ni volti 240; wa mtambo huu ni makumi ya maelfu. Nguvu hizo huzivuta elektroni kwa kasi kubwa mno, zikagonga madini magumu yaitwayo tangsteni. Zinapofungwa breki ghafla hivyo, karibu nguvu zake zote, takriban sehemu 99 kwa 100, hugeuka joto. Sehemu ndogo inayobaki ndiyo eksirei. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka wa 1895.

Miale hupita kwa urahisi kwenye hewa ya mapafu, lakini mifupa huizuia. Pafu lenye ugonjwa pia huweza kuizuia, likaonyesha doa jeupe.

Sasa kumbuka taa za wavuvi wa omena ziwani usiku. Taa ikizimwa, hakuna mwanga unaobaki majini. Eksirei ni vivyo hivyo. Umeme ukikatika, miale imekwisha. Haibaki kwa mtoto. Mnyonyeshe na kumkumbatia papo hapo.

Hata hivyo, miale ikipita kwa wingi inaweza kudhuru mwili. Ndiyo maana hutumiwa kidogo, na pale tu inapohitajika. Ikiwa una mimba, au unashuku unayo, mwambie mhudumu kabla ya kuingia, na mtu mwingine amshike mtoto.

Mama, kumbuka: miale haibaki, lakini kifua kikuu kisichotibiwa hubaki, na huua. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Mpeleke mtoto mapema.