PAMBO LA GIRL GUIDES: MAANA YAKE NI NINI?

Katika Mraru, karibu na Voi, kama ilivyo katika sehemu zote za Taita, mapambo si jambo geni. Zamani wanawake wa Kitaita walijulikana sana kwa wingi wa shanga walizovaa. Basi msichana akirudi kutoka shule na pini ndogo ya rangi ya dhahabu na buluu kifuani, au bangili iliyotundikwa vipambo vidogo vidogo, wazee wake wana haki ya kumwuliza: Kitu hiki ni nini? Je, ni hirizi?

Si hirizi. Pambo hilo halina dawa ndani yake, wala halimkingi mtu na ugonjwa au husuda. Ni ukumbusho wa ahadi na desturi za Girl Guides, chama cha wasichana kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1910, kikafika Kenya mwaka 1920. Mwaka 1963 chama cha Kenya kilikuwa mwanachama kamili wa umoja wa vyama hivyo duniani.

Alama kuu ya umoja huo ni jani lenye vipande vitatu. Beji yake ilichorwa na Bibi Kari Aas wa Norway, ikakubaliwa mwaka 1930, na kila sehemu yake ina maana. Vipande vitatu ni sehemu tatu za ahadi: kufanya wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu, na kuishika sheria ya chama. Nyota mbili ni ahadi na sheria. Mstari wa katikati ni sindano ya dira, ionyeshayo njia. Chini kuna mfano wa mwali wa moto, yaani upendo kwa wanadamu wote. Dhahabu juu ya buluu ni jua linalowaangazia watoto wote wa dunia.

Yafaa kupambanua vitu viwili. Beji haipatikani kwa fedha tu. Kwanza msichana hujifunza sheria, kisha husimama mbele ya wenzake na kutoa ahadi, ndipo avikwapo. Lakini pambo la ukumbusho huweza kununuliwa, au kutolewa zawadi. Uingereza, na Marekani ambako wasichana hao huitwa Girl Scouts, hutengenezwa vipambo vidogo vyenye sura ya jani hilo, au hema, au moto wa kambi. Msichana huvitundika katika bangili kimoja kimoja, na akiwa mtu mzima huvitazama akakumbuka kambi na rafiki zake. Ni vizuri kuwa navyo, lakini asiyevaa hata kimoja hakupungukiwa na kitu, maadamu anaitimiza ahadi yake.

Desturi moja yaonyesha jambo hilo wazi. Tarehe 22 Februari ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, aliyefariki Nyeri mwaka 1941 na kuzikwa huko, na pia ya mkewe, Olave. Tangu mwaka 1926 wasichana wa chama huiadhimisha siku hiyo kwa kuwakumbuka wenzao wa nchi nyingine. Mwaka 1932, katika mkutano wa Bucze, nchi ya Poland, mjumbe kutoka Ubelgiji alisema kwamba siku ya kuzaliwa huenda na zawadi. Ndipo Bibi Olave alipowaomba wasichana watoe kila mmoja senti moja, ili chama kisaidiwe mahali pengine. Senti moja ni kidogo, lakini za wengi ni mali.

Watu wa Mraru hawahitaji kufundishwa neno hilo. Wanawake wa huko walikuwa wakisumbuka kwenda Voi, kwa kuwa mara nyingi mabasi yalipita yamekwisha kujaa. Wakaungana, wakachanga fedha zao kidogo kidogo, hata mwaka 1975 wakapata basi lao wenyewe. Hawakuvaa beji, lakini waliahidiana na wakatimiza.

Kwa hiyo mzazi aliye na binti katika chama hiki asimwulize kwanza bei ya pambo lake. Na amwulize ahadi aliyoitoa, kisha amtazame nyumbani, kisimani na shuleni, kama anaishika.