Soko Letu na Majumba ya Maduka

Katika miji mikubwa ya nchi yetu yamezuka majumba ya biashara ambayo chini ya paa moja mna maduka ya chakula, nguo na simu, mna benki, na mna mahali pa kuketi na kula. Jumba la Mlimani City, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 2006, na vijana wetu waliofika huko hurudi Tukuyu wakilisifu. Husema kwamba kule bei imeandikwa, hapana kubishana, wala mtu hapunjwi. Yafaa tuyapime maneno hayo kabla ya kuyakataa.

Soko si mahali pa kununua tu. Mama auzaye ndizi Tukuyu au Kiwira amjua mnunuzi wake na watoto wake. Kabla ya kutaja bei humwuliza hali ya mgonjwa aliyemwacha nyumbani. Asiye na fedha leo hupewa, akalipa atakapouza maharage yake. Habari ya msiba huenea hapo kabla ya adhuhuri, na mchango wa sanda huanzia hapo. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, yaagiza kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Agizo hilo ni jepesi kulitimiza pale mwenye kudai na mwenye kudaiwa wajuanapo. Katika duka kubwa, aliyepungukiwa na shilingi hurudisha kitu mahali pake, akaenda zake kimya.

Tena maduka hayo si ya kudumu kama yaonekanavyo. Kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, iliyafunga yake mwaka 2015. Kufikia mwaka 2018 Nakumatt yenyewe ilikuwa imelemewa na madeni, na wengi walioipelekea bidhaa wakabaki wakidai.

Lakini tusijisifu. Je, ni jumba la maduka limpunjalo mkulima wa viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa hata likaongezewa kilemba juu, kisha likalipwa kwa bei ya gunia moja? Je, ni jumba la maduka lililobonyeza kitako cha debe? Hasha! Hayo hufanyika katika masoko yetu, na baadhi ya wayafanyao husali nasi safu moja. Sura ya Al-Mutaffifin yaanza kwa onyo kali juu ya watu wa namna hiyo, nasi twaifundisha kila mwaka kwa watoto ambao jioni huona debe lile nyumbani kwao.

Basi, vijana wetu hawaukimbii ujirani, waikimbia hila. Kununua katika duka kubwa si haramu, wala hatutaliokoa soko kwa kulilaumu duka hilo. Mwenye debe alinyoshe. Mnunuzi wa viazi apime kwa mizani mbele ya mkulima. Mzazi amsifu mtoto arudishaye chenji iliyozidi. Hapo kijana atapata sokoni kipimo cha haki alichokifuata mbali, na pamoja nacho atapata mtu wa kumwuliza hali ya mamaye.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika mizani zetu. Amin.